Nakijwa Apanda Chuma

Watoto wangu, kabla sijaanza, nikiri kosa. Niliwahi kumdanganya mtoto. Mungu anisamehe.

Mtoto huyo anaitwa Nakijwa. Ni binti wa mdogo wangu. Tunaishi milimani, Upare, kwenye ukungu mzito.

Mimi ni mhunzi. Nafua majembe na visu.
Vuu, vuu, mvukuto wapuliza moto.
Ngo, ngo, ngo, nyundo yagonga chuma.

Siku moja Nakijwa alikuja na mbuzi wake mdogo, Kidoti. Kidoti ni mweupe. Ukungu nao ni mweupe. Akiingia ukunguni, haonekani!

"Baba Mkubwa, jana Kidoti kapotea. Nimelia mpaka nikapaliwa. Nitengenezee kengele yake."

"Nitatengeneza, mama. Chuma ni hiki hapa. Kimebaki kipande kimoja tu."

Nakijwa akakishika. "Chuma kinatoka wapi?"
"Ardhini."
"Kiliingiaje ardhini?"

Lo! Sikujua. Nikaona aibu kusema sijui. Mtu mzima mimi, na ndevu zangu! Nikasema, "Kinaota. Kama muhogo."

Nakijwa anaujua muhogo. Unakata kijiti. Unakifukia. Unangoja.

Nilipokwenda kunywa uji, akachukua kile chuma. Akakifukia nyuma ya jiko. Alitaka kiote kingi, mbuzi wote wapate kengele.

Kila asubuhi alikimwagilia maji. Tii, tii, tii.
"Ota, chuma, ota. Mbuzi wangu asipotee."

Mimi nilikitafuta chuma changu. Kwenye mkaa, hakipo. Chini ya fuawe ninapofulia, hakipo. Nakijwa kimya, anacheka peke yake.

Tii, tii, tii.
"Ota, chuma, ota. Mbuzi wangu asipotee."

Siku ya saba akafukua. Hakuna jani. Hakuna mzizi. Chuma kimeota kutu tu, chekundu kama udongo.

Alikuja mbio na chuma mkononi, machozi mpaka kidevuni. "Baba Mkubwa, nimekiua chuma! Kidoti hatapata kengele!"

Moyo uliniuma. Nikapiga magoti, nikamfuta machozi.
"Hukukiua, mwanangu. Mimi nilikudanganya. Chuma hakioti. Kilitoka wapi, sijui."
"Hujui?"
"Sijui, mama."
Akavuta kamasi. "Basi twende tukaulize."

Tukaenda kwa Mwalimu Elinipa.
"Shikamoo, fundi."
"Marahaba, mwalimu." Nikamweleza yote.
Akacheka mpaka akashika nguzo. "Fundi! Na palizi ulifanya?"
Nikakuna ndevu zangu. Nilistahili.

Kisha mwalimu akampakata Nakijwa.
"Unaliona jua? Jua ni nyota. Ni nyota yetu, iko karibu."
"Linapika chuma?"
"Hapana. Jua letu ni dogo, haliwezi. Lakini ndani yake kuna chuma kidogo. Limerithi."
"Kwa nani?"

"Kwa nyota kubwa za zamani, kabla jua halijazaliwa. Zilikuwa na moto mkali mno. Moto ule ulipika chuma. Siku moja zikapasuka, puu! Vumbi lake likatawanyika mbali, mbali."

"Vumbi likakusanyika polepole. Likawa jua. Likawa pia dunia yetu. Ndiyo maana ardhini kuna chuma. Hata kwenye damu yako kimo kidogo."

Nakijwa akautazama mkono wake. Akaugeuza. Akaunusa.
"Mimi nina nyota?"
"Unayo kidogo."
"Na Kidoti?"
"Na Kidoti."

Nami nikasema moyoni, Ee Mungu, una mvukuto mkubwa!

Tukarudi kiwandani kwangu. Nikakisugua kile chuma chenye kutu. Nikakitia motoni. Nakijwa akavuta mvukuto.
Vuu, vuu, mvukuto wapuliza moto.
Ngo, ngo, ngo, nyundo yagonga chuma.

Chuma kikang'aa. Nikakikunja. Nikakitoboa. Nikatia ulimi mdogo ndani. Kengele!

Tukamvisha Kidoti shingoni. Akaruka. Akaingia ukunguni. Haonekani!

Nakijwa akasikiliza. Kimya. Akanishika suruali.

Nge-nge! Nge-nge!

"Yule kule!" akasema Nakijwa. Akakimbilia ile sauti, akamkumbatia mbuzi wake mweupe ndani ya ukungu mweupe.

Kidoti bado ni mtundu, watoto wangu. Ukimsikia karibu na kwenu, tafadhali mshike taratibu, umwite Nakijwa aje amchukue.