Mwenye Kazi ya Kuzima

Swichi ilishuka tena, na safari hii Saidi alikuwa amesimama mbele yake akiitazama. Kitufe kilisogea taratibu, kana kwamba kinashushwa na kidole kisicho na haraka, kisha ta!, nyumba nzima ikazimika. Hapakuwa na mvua wala upepo. Palibaki harufu ya pembe iliyoungua, na juu ya dari kitu kikashusha pumzi.

"Imekata tena?" Kuruthumu, mkewe, aliuliza kutoka uani. "Maji ya mzazi hayajapata hata uvuguvugu!"

Mzazi alikuwa Firdausi, binti yao, aliyerudi kwao Kasulu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Kwa desturi alipaswa kukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka arobaini itimie, na kwa kuwa masika yalikuwa yamelowesha kuni zote, Saidi alinunua hita ya kutumbukiza ndooni. Ndipo balaa lilipoanza. Kila hita ilipochomekwa, swichi ya usalama iliyo ukutani, ile inayopaswa kukata umeme unapovuja, ilijishusha. Saidi alikuwa mtu wa kupima mambo. Alibadilisha soketi, akazima redio, akachomoa friji ya duka lake la maziwa, akajaribu upya. Ikashuka. Hita yenyewe hakuishuku hata kidogo, maana ilikuwa mpya. Maziwa yakachacha, wateja wakahamia kwa jirani.

"Huyu si umeme, baba Firdausi," Kuruthumu alinong'ona. "Umeme haupumui."

Mzee Ndayikeza, mganga, akaletwa kutoka Nyakitonto. Alifukiza ubani sebuleni, akajifunika kaniki, akazungumza Kiha na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Alipojifunua alikuwa ametota jasho.

"Ni jini mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Anasema hatoki. Ana kazi humu ndani."

"Kazi gani? Kunichachishia maziwa?"

"Nimemuuliza, hasemi. Mwenye nyumba, ningekuwa wewe ningemsikiliza kwanza."

"Mzee wangu, nimemsikiliza gizani mpaka nimechoka. Mtoe!"

Akatolewa. Jogoo mweusi alichinjwa kizingitini, mlango wa uani ukafunguka wenyewe, na ile harufu ikakatika. Jioni hiyo maji yalichemka mpaka yakarukaruka ndooni, na swichi haikutikisika. Saidi alicheka peke yake kama mtu aliyeshinda kesi.

Kesho yake Kuruthumu alishika ndoo ya bati, akarushwa hadi ukutani, mkono ukafa ganzi. Ikaletwa ndoo ya plastiki. Akaitwa pia Stanislaus, fundi umeme, ambaye alifungua boksi la ukutani, akachomoa ile swichi.

"Mzee Saidi, umeme wote ubaki umezimwa mpaka nimalize kukagua."

"Uzimwe tena? Binti yangu anasubiri maji, na jioni hii baridi! Ndoo tumeshabadilisha. Unga moja kwa moja, hicho kidude kikague pembeni."

"Ni hatari, mzee."

"Unga, bwana! Nani analipia umeme wa nyumba hii?"

Stanislaus akaunga. Kisha akakaa mezani, akakibandua kifuniko cha swichi kwa bisibisi, akaiinamisha. Kikadondoka kipande cha chuma kilichowekwa kuongeza uzito. Mengineyo yalikuwa vumbi, na waya mmoja ulionyooka kutoka upande huu hadi upande ule.

"Feki," alisema. "Kitufe ni pambo tu. Hiki hakijawahi kukata umeme, na hakiwezi."

"Kimekata mbele ya macho yangu!"

"Kuna kitu kilikukatia, mzee. Ila si hiki."

Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga bati. Saidi alikitazama kile kipande cha chuma, akamkumbuka mganga akitota jasho chini ya kaniki, na hesabu ikajipanga yenyewe kichwani mwake, hita, maji, sakafu iliyolowa, mkono wa mwanawe, akainuka akaipindua meza, akakimbilia uani akipiga kelele ambazo mvua ilizimeza zote, akamwona Kuruthumu barazani amempakata mjukuu, akaona mlango wa bafu uko wazi kidogo na Firdausi yuko peku juu ya saruji, ameinama juu ya ndoo ambayo waya wa hita bado unaning'inia ndani yake, anakunja mkono wa gauni, anautumbukiza, na kilichomtoka Saidi kinywani hakikuwa jina la binti yake wala dua, kilikuwa "Rudi! Nakusihi, rudi! Nyumba ni yako!"

Nyumba ikazimika.

Kwa majirani taa ziliendelea kuwaka. Saidi alisimama kwenye mvua, hathubutu kupumua, mpaka aliposikia sauti ya mwanawe gizani, hai, nzima, inayotetemeka.

"Baba? Nani huyu amenishika mkono? Mwambie aniachie."