Vyuma vya Pazia

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa mazito lakini mvua haikunyesha. Upepo wa baridi ulipenya chini ya mlango na kusukuma vipande vya nyuzi sakafuni. Mama alikuwa ameshakaa kwenye cherehani. Yeye alikuwa fundi wa mapazia, na wiki hiyo alikuwa na kazi ya ofisi nzima: madirisha kumi na sita, kitambaa cha kijivu kimejaa chumba hadi kitandani.

"Umekunywa chai?" Mama aliuliza bila kuinua macho.

"Nimekunywa, Mama."

Binti yake hakuwa amekunywa. Chai ilikuwa imepoa kwenye kikombe, na mkate haujaguswa. Kwa miezi kadhaa binti huyo hakuwa na hamu ya kula. Alikohoa kila siku, na usiku alitoka jasho hadi shuka likalowa. Mama alipomsikia akikohoa alisema ni vumbi la vitambaa, akafungua dirisha.

Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wenzake walimwita Sindano kwa sababu ya kazi ya mama yake. Siku hizi walilitaja jina hilo huku wakiitazama mikono yake iliyokonda.

Kila pazia lilipokaribia kwisha, Mama alitia vyuma vidogo bapa ndani ya pindo la chini ili kitambaa kining'inie sawasawa. Vyuma hivyo vilikaa ndani ya kopo kando ya mkasi. Ijumaa, Mama alipokwenda kununua uzi, Sindano alichukua thelathini. Alivishona kimoja kimoja ndani ya pindo la gagulo lake, kwa mishono midogo kama ya Mama. Sasa alilivaa gagulo hilo, akalifunika kwa sketi ndefu, akatoka akitembea polepole. Leo ilikuwa siku ya mizani.

Nyuma ya kanisa palikuwa na ukumbi mrefu wenye madawati. Kila Jumamosi watoto wapatao sitini walikusanyika hapo. Kila mmoja wao alikuwa na mfadhili, mtu wa nchi ya mbali aliyesaidia kulipa ada na matibabu yake. Walisoma, waliimba, waliomba, na waliwaandikia wafadhili wao barua. Kila baada ya miezi mitatu walipimwa urefu na uzito.

Aliyewapima alikuwa mmisionari, mama wa makamo aliyekuwa muuguzi kwao. Miaka minne iliyopita aliacha kazi katika hospitali kubwa akaja kuwatumikia watoto hao. Lugha alijifunza jioni, katika darasa moja na watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma, na hakuona haya kukosea mbele yao. Watoto walimwita Shangazi Mizani. Kabla ya kupima mtoto wa kwanza, aliweka mkono juu ya mizani akaomba, "Bwana, tuonyeshe anayehitaji msaada wetu."

Kwenye foleni, nyuma ya Sindano alisimama rafiki yake, msichana mwenye maneno mengi waliyemwita Redio.

"Sindano, angalia mizani isije ikadhani imepandwa na kivuli!"

"Zima betri, wewe."

"Natania tu. Lakini unamkumbuka Kijiti? Alipimwa Septemba, akakutwa amepungua. Jumamosi iliyofuata hayupo, na jina lake limekatwa kwenye daftari. Niliona kwa macho yangu. Alifukuzwa kwa sababu ya kupungua. Mimi sisemi kitu."

"Lini wewe uliwahi kutosema kitu?" Sindano alijibu, lakini hakucheka. Habari ya Kijiti aliijua. Ndiyo iliyomfanya Desemba atie vyuma kumi kwenye pindo, alipoona nguo zake zimeanza kumpwaya. Kama jina lake lingekatwa, Mama angepata wapi ada? Mapazia hayakutosha hata kulipia chumba.

Zamu yake ilifika. Alivua viatu, akapanda.

"Kilo ishirini na tisa!" Shangazi Mizani alisema kwa furaha. "Umeongezeka nusu kilo. Mungu ni mwema." Aliandika kwenye daftari, kisha akaitazama shingo ya Sindano kwa muda. Alifungua kinywa kutaka kuuliza jambo, lakini watoto arobaini walikuwa bado wanasubiri, wanasukumana. "Haya, mwanangu. Nenda kaandike barua yako."

Mfadhili wa Sindano alikuwa dereva mstaafu wa basi. Hakuwa na watoto. Kila barua yake ilianza kwa kueleza hali ya magoti yake, na ilimalizika kwa swali lile lile: "Na wewe, mwanangu, hujambo?" Sindano alikaa kwenye dawati akaandika, "Mimi sijambo kabisa. Ninakula vizuri na uzito umeongezeka." Alipoinuka kuipeleka barua, kikohozi kilimshika. Alikohoa hadi machozi yakamtoka. Ukumbi ulizunguka, akaanguka.

Alipoanguka, sauti ya vyuma ilisikika juu ya saruji, kama ya mtu aliyeangusha kopo la misumari.

Watoto wote waligeuka. "Jamani," Redio alinong'ona, "ana nini ndani?"

Shangazi Mizani aliacha mizani akakimbia. Alimwinua Sindano mikononi, na pindo zito likamgonga gotini. Alilishika, akalipapasa, akaelewa. Alimbeba hadi ofisini, akafungua dirisha, akafunga mlango. Redio alibaki nje, sikio mlangoni.

Shangazi alimpa maji, akamwambia avue gagulo lile, akachukua mkasi. Alifumua mshono mmoja baada ya mwingine. Vyuma vilidondoka mezani vikarundikana.

"Mishono yako ni mizuri," alisema taratibu. "Kwa nini, mwanangu?"

"Usinikate jina, Shangazi." Sindano alilia kwa kwikwi. "Nitakula. Nitakula sana, nitaongezeka kweli. Usinikate kama Kijiti."

"Kijiti?" Shangazi alikaa chini sakafuni, kichwa chake kikawa chini ya kichwa cha mtoto. "Kijiti alikuwa na minyoo. Nilimpeleka kwa daktari, akapewa dawa. Wiki hiyo hiyo baba yake alipata kazi mji mwingine, familia nzima ikahama. Yuko kwenye kituo cha huko, na nasikia anavunja madirisha kwa mpira."

Sindano alimtazama. "Hakufukuzwa?"

"Hatujawahi kumfukuza mtoto kwa kuugua. Tazama." Alifungua daftari. "Anayepungua namwekea alama nyekundu. Maana yake, Jumatatu huyu nampeleka hospitali. Desemba ungekuwa na alama hiyo. Tumepoteza miezi mitatu."

Kisha Shangazi alifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, macho yake yalikuwa mekundu.

"Nami nina kosa, nalikiri mbele yako. Leo nilikuona umekonda. Nikaiamini namba kuliko macho yangu kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Asubuhi niliomba Mungu anionyeshe, akanionyesha, nami nikakuambia nenda kaandike barua. Nisamehe."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwomba Sindano msamaha. Aliegemeza kichwa begani kwa Shangazi.

Redio ndiye aliyetumwa kumwita Mama, na kwa mara ya kwanza alikwenda bila kusimama njiani kuzungumza. Mama alifika mbio, futi ya kupimia bado imening'inia shingoni. Aliviona vyuma mezani, akavitambua. Alitaka kugomba. Badala yake alimkumbatia binti yake, na mikono yake ikahisi mbavu.

"Nilidhani ni vumbi," alisema. "Mungu wangu, nilidhani ni vumbi la vitambaa."

Jumatatu walikwenda hospitali. Daktari alimsikiliza Sindano kifuani, akaagiza makohozi yapimwe na picha ya kifua ipigwe. Alhamisi Sindano, Mama na Shangazi walirudi kuchukua majibu. Kilikuwa kifua kikuu.

"Kinatibika," daktari alisema kabla Mama hajaanza kulia. "Ni vidonge kila siku kwa miezi sita. Mama, wewe pia tutakupima, pamoja na watoto wanaokaa naye karibu. Madirisha yawe wazi, na asiende shule hadi nitakapomruhusu."

"Na dereva?" Sindano aliuliza. "Nimemwambia sijambo kabisa."

"Barua ile bado ninayo," Shangazi alisema. "Lakini Desemba mimi mwenyewe nilimwandikia kwamba umenenepa. Nitalazimika kusahihisha."

"Akikasirika akaacha?"

"Siwezi kumsemea, mwanangu. Ila hata akiacha, sisi hatukuachi. Utatibiwa, na utasoma."

Sindano alifikiri. Kisha akaomba karatasi amwandikie dereva barua mpya. Kwenye benchi la hospitali, chini ya dirisha lililo wazi, aliandika yote: kikohozi, jasho, vyuma kumi vya Desemba na thelathini vya Machi. Ilimchukua nusu saa. Alipoimaliza alimpa Mama aisome kwanza, halafu Shangazi.

Muuguzi alikuja na daktari, akaleta vidonge vya siku ya kwanza kwenye kifuniko kidogo. Redio, ambaye mama yake alikuwa amemleta naye apimwe mara Shangazi alipompigia simu, alichungulia dirishani kutoka nje.

"Sindano, nisamehe. Ile habari ya Kijiti nilibuni mwisho wake. Mimi nilichokiona ni jina kukatwa tu."

"Safari nyingine uliza kwanza," Sindano alisema, na wote wawili wakacheka kidogo.

Shangazi Mizani alimshika Sindano mkono. "Sikia, mwanangu, na Redio usikie. Mizani haina macho. Ukiipa vyuma, inasoma vyuma. Hata sisi watu wazima tunadanganyika, ukituficha unavyojisikia. Daktari ana dawa, Mama ana upendo, mimi nina maombi, lakini vyote vinangoja wewe useme kweli. Kuugua si kosa, wala si aibu. Sema mapema, usaidiwe mapema."

"Na kuna jambo moja," daktari aliongeza. "Baada ya mwezi utajisikia mzima. Wengi huacha dawa hapo, na ugonjwa hurudi na nguvu zaidi. Nataka uniahidi."

Sindano alisimama. Mama alikuwa upande mmoja, Shangazi upande wa pili. Daktari na muuguzi walisimama mbele yake, na Redio dirishani. Alitia vidonge mdomoni, akanywa maji, akavimeza vyote. Kisha akasema kwa sauti iliyosikika hadi nje:

"Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu. Nitameza dawa kila siku hadi siku ya mwisho, hata nikijisikia mzima. Na nikiumwa, sitaficha. Nitasema siku hiyo hiyo."