Wekundu Chini ya Msiro

—Nawa uso, Haula.

—Sinawi.

—Nawa nikuone.

Rizuane alikuwa amesimama barazani kwetu, hapa Mocímboa da Praia, mfuko wa safari ungali begani. Mchumba wangu, mpishi wa kambi ya gesi kule Afungi. Ijumaa tulikuwa tufunge ndoa. Amefika kwa likizo, hata maji hajanywa, anataka uso wangu, nilioufunika kwa msiro, ule unga mweupe wa mti tunaojipaka wanawake wa pwani hii.

—Nimepaka msiro. Bibi harusi asipake?

—Bibi harusi hupaka akatoa. Wewe miezi yote hii hutoi. Kila nikikupigia video, uso mweupe kama ukuta. Watu wanasema.

—Watu gani?

Akanisogezea simu. Ujumbe, namba haina jina:

"Kaka, mchumba wako kila Jumatatu anaingia kwa Dércio muuguzi. Huo msiro anampakia nani?"

Nikacheka, cheko baya. Maana kwa Dércio nilikuwa naingia kweli, tena kwa mlango wa nyuma, nisionwe kwenye foleni ya hospitali.

—Dércio ana mke, na mkewe ndiye anayenifungulia.

—Sasa unafuata nini?

Nikachota maji kwenye ndoo, nikanawa. Msiro ukatoka vipande vipande. Nikainua uso.

Wekundu ulikuwa palepale, shavu hadi shavu, umevuka juu ya pua, kana kwamba mtu kanibandika viganja viwili vya moto akasahau kuviondoa.

—Umejichubua?

—Sijajichubua.

—Umeungua?

—Hapana.

—Sasa ni nini?

—Sijui! Magoti yanauma. Vidole vinavimba, asubuhi kifungo kinanishinda. Nywele zinatoka. Nikipigwa jua, homa. Dércio kanitoa damu, kaipeleka hospitali ya mkoa, Pemba. Mwenyewe sijui, Rizuane!

Akarudi nyuma hatua moja. Moja tu, lakini niliiona.

—Ngoja nikamsalimu mama, —akasema, akaondoka.

Alasiri akaja huyo mama mwenyewe, bi Rehema, na Hafsa, dada yake Rizuane. Hodi walipiga wakiwa wameshaingia.

—Mkorogo huo, —bi Rehema akasema, akinikagua kama samaki wa jana—. Krimu za Mtwara zimekula watoto wa watu.

—Mama, hiyo mimba, —Hafsa akadakia—. Mimi mimba ya Latifo ilinichafua uso hivihivi.

Mama yangu, Sabina, akainuka jikoni na mwiko mkononi.

—Mimba ya nani? Sema tena!

—Basi kama si mimba ni ukoma, —bi Rehema akasema.

—Kwanza mkorogo, mara mimba, sasa ukoma! Chagueni moja niwafukuzie hilo!

—Wifi, tusigombane, —Hafsa akanigeukia—. Ila na wewe, kila Jumatatu kwa mwanamume...

—Jumatatu umeijuaje?

Bi Rehema akamtazama binti yake.

—Hafsa. Ni wewe uliyemwandikia kaka yako?

—Nilikuwa namlinda!

Walitoka bila kuaga. Mama alitaka kushangilia, mimi nikakosa hata nguvu ya kukasirika. Hafsa kaumbuka, sawa. Lakini usoni kwangu kulikuwa na nini?

Kesho yake Dércio akapiga. Majibu yamefika, doutora Isabel, daktari wa Pemba, yuko kwenye laini.

—Haula, inaitwa lúpus. Kinga ya mwili, inayotakiwa kupigana na maradhi, imekugeukia wewe mwenyewe. Ngozi imetutangulizia habari. Ndani tutaangalia viungo na figo.

—Nani kaniambukiza?

—Hakuna. Na wewe huwezi kumwambukiza mtu.

—Inapona?

—Haiishi, inatulizwa. Dawa kila siku, na jua ulikwepe.

—Nitazaa?

—Wengi huzaa. Ila usishike mimba kabla hatujaipanga pamoja.

Nilimwandikia Rizuane yote, nisifiche kitu. Nikaona amesoma. Akaanza kuandika, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Mwisho:

"Ijumaa nitakuja."

Basi. Nitakuja! Kwa mapenzi, au kwa sababu wali umeshapangiwa wageni?

—Mtu akisema anakuja, anakuja, —mama akaniambia—. Usilichokonoe. Mjomba akija kukuuliza, wewe nyamaza. Kimya cha mwali ndiko kukubali.

Ijumaa, baada ya sala, mjomba Tuaibo akasimama mlangoni mwa chumba. Wanawake wameshajaza mate midomoni kwa vigelegele.

—Haula binti Pazi, Rizuane anakutaka kwa ndoa. Umeridhia?

Ningenyamaza, ningekuwa mke wa mtu.

—Mjomba, nina swali.

—Mwali hana swali!

—Huyu analo. Kamuulize mbele ya watu wake, kaja kwa kunitaka au kwa kuona haya? Mwambie ugonjwa huu hauishi. Kuna siku sitaweza kukanda unga. Na mtoto itabidi asubiri hadi daktari aseme. Akijibu, nami nitajibu.

Mjomba akaguna, akaenda. Kisha nikasikia sauti ya bi Rehema:

—Si nilisema? Twendeni zetu!

Pazia la mlango likatikisika.

—Haula.

Alikuwa Rizuane, kasimama upande wa pili.

—Nipo.

—Mimi ugonjwa wako siuelewi.

—Hata mimi.

—Nimesoma kwenye simu hadi kichwa kikauma, kila mtu anasema lake. Nikakuandikia maneno mengi, nikafuta. Yakabaki yale mawili.

—Kwa nini ulirudi nyuma siku ile?

—Niliogopa.

—Na leo?

—Naogopa. Lakini zaidi naogopa kukaa Afungi nikisubiri watu waniambie umeamkaje. Nataka nijue mwenyewe, niwe wa kwanza.

—Na wajukuu wangu? —bi Rehema akapaza sauti nyuma yake.

—Mama, hata mimi hujanipima. Huenda mgumba ni mimi.

Baraza zima likacheka. Mama yangu akaficha uso kwenye ushungi, mabega yanamtikisika.

—Jamani, —mjomba Tuaibo akasema—, niulize tena au nikale?

—Uliza, mjomba.

—Umeridhia?

Vidole vilikuwa vinaniuma chini ya hina. Kesho mwili huu utaamka upande wangu au dhidi yangu, sikujua, na hakuna aliyejua.

—Nimeridhia! —nikasema, kwa sauti ya kufika hadi barazani.