Barua za Kwa Mbu

Mkwezi alikuwa amekwisha kuiacha ardhi. Ziwa lililokuwa limejaa dirisha zima asubuhi sasa lilikuwa kama maji yaliyomwagika sakafuni, mtu akasahau kuyapangusa. Hapakuwa na ngurumo wala mtikisiko. Chumba kizima cha chuma na kioo, chenye vitanda, jiko na maabara ndogo, kilikuwa kinapanda angani kikiwa kimeushika Uzi, kamba moja tu isiyozidi unene wa mkono wa mtoto, iliyofungwa chini penye mstari wa ikweta, na kule juu ikafungwa mbali kuliko mawingu yote. Chumba hicho kiliitwa Mkwezi kwa sababu ndivyo kilivyofanya kazi: kinakumbatia, kinajivuta, kinakumbatia tena. Ila mnazi wenyewe, hata ukikaza macho, kilele huoni.

Siwema Chaurembo, mhifadhi wa nyaraka, alikuwa hajawahi kupanda juu kuliko milima ya Uluguru. Alikaa amepakata mkebe wa barua, akatazama bara zima likijikunja pembeni kama mkeka. Mwisho alisema tu kwamba Mungu ana kazi. Daktari Nabwire, mwanamke wa Busia, abiria mwenzake, alikuwa ameizoea njia hiyo na hakuinua uso. Mikono yake ilikuwa juu ya chupa ya baridi aliyojifunga kiunoni kwa mkanda.

Walikuwa wanakwenda Darini. Ndilo jina ambalo watu wa chini waliupa mji ulioko mwisho wa Uzi, mji wa mviringo unaojizungusha polepole ili waliomo wasielee, ambamo ukisimama shambani unaiona migomba ya jirani imeota juu ya kichwa chako, majani yakikuelekea wewe. Migomba hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Mgomba hubakiza maji kwenye makwapa ya majani yake, na mbu hutaga humo. Machipukizi yaliyopelekwa kutoka chini yalikwenda na mayai, halafu akapanda msafiri mmoja mwenye homa ya manjano bila kujijua. Ndani ya mji uliofunikwa kama chungu, homa ilijigeuza hata chanjo ya kawaida ikawa haiijui tena. Watu waligeuka manjano macho, wakatapika damu, wakafa. Nekesa, binti wa Nabwire, alikuwa huko na baba yake, mzima bado, kwenye mtaa ambao homa ilikuwa haijaufikia.

Kinga ilikuwa moja. Katika majokofu yote ya dunia ilipatikana mbegu moja ya kale ya chanjo iliyoweza kuizuia homa hii mpya. Iliitwa Mbegu ya Lugusha, nayo ilikuzwa kutoka damu ya mtu, zama za majaribio, kwenye kituo kimoja cha homa magharibi ya Tabora. Jina la kituo chenyewe lilishapotea. Wenyeji walipaita Kwa Mbu. Mbegu hiyo ndiyo iliyokuwa chupani. Lakini Darini ilijengwa na watu ambao babu zao walichomwa sindano bila kuulizwa, na sheria yao ya kwanza kabisa, Sheria ya Ridhaa, ilisema kuwa dawa yoyote iliyotoka kwenye mwili wa mtu haipiti langoni mpaka ijulikane kwamba mwenye mwili alikubali. Isipojulikana, huteketezwa hapo hapo. Ndiyo maana Siwema alipakiwa na mkebe wake. Barua zilikuwa ushahidi pekee, na alama ya kidole cha mhifadhi ndiyo iliyotakiwa chini ya hukumu.

Kuzisoma ilikuwa kazi ya kisomabarua, mashine isiyozidi ukubwa wa mbuzi ya kukunia nazi. Barua iliwekwa juu yake ikiwa imekunjwa vile vile, maana karatasi za kale ukizifunua huvunjika kama majani makavu. Mashine ilipitisha mwanga ndani, ikatenganisha mkunjo na mkunjo, ikauinua wino peke yake, na maandishi yakasimama hewani juu ya meza, herufi moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ule ule mkono ulivyozichora. Zaidi ya hapo, iliujua mkono. Ilipima kalamu ilikandamizwa wapi na ikasita wapi, jasho la kidole liliacha chumvi kiasi gani, kisha ikasema kama mwandishi alikuwa na hofu, hasira au utulivu. Siwema alitazama mwandiko wa babu wa babu yake ukijiandika mbele yake bila mtu, nywele zikamsimama.

Babu huyo ni Pazi Chaurembo, Mzaramo wa Maneromango, aliyekuwa karani Kwa Mbu. Alipostaafu, akili haikutulia. Aliamua kuitafiti historia ya majaribio yale kabla waliokuwepo hawajakwisha, akawaandikia wote aliowakumbuka, wauguzi, madereva, wachimba makaburi, na nakala za barua zake akazihifadhi. Wengi hawakujibu. Aliyejibu, miaka nenda miaka rudi, ni Lugusha Mihayo, Mnyamwezi, mmoja wa waliotoa mikono yao iumwe na mbu.

Barua yake ya kwanza ilisimama hewani. "Wewe mtumwa wangu uliyenitoroka, bado hujafa? Mwizi wa damu. Ukifa nitakuzika bila sanda, nikutie muhogo mdomoni ili malaika wakujue ulikotoka."

Kisomabarua kikatoa hukumu kwa sauti yake ya upole: chuki, mkono ulitetemeka. Barua ya pili: kitisho, mkono ulitetemeka. Ya tatu kikasema ni matusi ya kabila. Nabwire alishika kichwa. Kama mwenye damu aliwachukia watu wa kituo kiasi hicho, ridhaa itoke wapi? Alipogeuka kutafuta faraja, alimkuta Siwema anacheka mpaka anajifuta machozi kwa upindo wa khanga.

Ikabidi aelezwe. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka na mizigo hadi pwani na kupita nchi ya Wazaramo. Mtani hukutukana, hukunyang'anya kuku wako, na wewe hukasiriki. Anayekasirika ndiye mwenye aibu. Mkono wa Lugusha ulitetemeka kwa kicheko. Nabwire alisema kwao Busia mtu akikuambia atakuzika bila sanda unahama mtaa. Hata hivyo Siwema alikifundisha kisomabarua, nacho kikauliza maswali mawili matatu ya maana, kikazipindua hukumu zake zote. Palipokuwa na chuki kikaandika mapenzi. Kilikuwa kimejifunza kwamba tusi si tusi. Kwamba heshima nayo yaweza kuwa si heshima, hilo hakuna aliyekifundisha.

Ndipo ikafikiwa barua ya mwisho. Chaurembo, katika utafiti wake, alikuwa ameuliza waziwazi swali ambalo hakuwahi kuliuliza: je, ninyi mlikubali kwa hiari yenu? Jibu likajiandika hewani, taratibu, kwa mwandiko wa kunyooka.

"Mheshimiwa Bwana Chaurembo. Nimeipokea barua yako na swali lako nimelielewa. Ndiyo, tulikubali. Nakutakia afya njema, wewe na jamaa zako. Wako mtiifu, Lugusha Mihayo."

Kisomabarua kikasema: mkono mtulivu, lugha ya staha, jibu la wazi, ridhaa imethibitika. Nabwire akakaa. Akamsogezea Siwema kibao cha kuwekea kidole. Siwema hakukigusa.

"Mama, kuna nini tena?"

"Hii barua haina tusi."

"Si ndiyo vizuri?"

"Mwanangu, mtani wako akikuita mheshimiwa, kaa chini ujiulize umemuulia nani."

Akakiagiza kisomabarua kirudishe nakala moja ya Chaurembo mwenyewe, ambayo walikuwa wameipita haraka kwa kuwa ilikuwa ya furaha tupu. Humo karani alikumbushia, kwa mbwembwe, jinsi alivyompata Lugusha. Wakubwa wa kituo walitaka watu, na watu hawakuja. Basi akamkabili mtani wake kilabuni mbele ya kadamnasi, akasema damu ya Kinyamwezi ni uji wa mtama, mbu akiinywa atalala na njaa. Kilabu kizima kilicheka. Kesho yake Lugusha akaja amekunja mkono wa shati, na nyuma yake mdogo wake, Kapela, naye amekunja. Wangefanyaje? Utani haukasirikiwi, na uchokozi wa mtani haukimbiwi. Baada ya hapo jina la Kapela halikuonekana katika barua yoyote.

Nabwire akazungumza kwa sauti ndogo, ya mtu anayeogopa sauti yake.

"Nekesa yuko kule. Barua imesema ndiyo. Mashine imesema ndiyo. Wewe ni nani useme hapana?"

"Mimi ndiye Chaurembo," Siwema akajibu.

Aliomba kitu kimoja tu, aongee na watu wa Lugusha kabla Mkwezi hajafika. Kioo cha maongezi kiliwatafuta, kikawapata Tabora. Uso uliotokea ulikuwa wa mwanamke wa makamo, Kalunde, mwenye kiwanda cha asali, nyuki wawili watatu wakizunguka kitambaa cha kichwa chake. Alitoa shikamoo vizuri, akauliza hali ya safari vizuri, na kila adabu yake ilimchoma Siwema kama mwiba. Siwema akajitaja ukoo. Akaeleza alichokisoma na alichokielewa, bila kumtetea babu yake hata kwa neno moja, akaeleza pia yaliyoko chupani na watu wanaoyasubiri.

Kalunde alisikiliza. Akasema kwao jina la Chaurembo halitaniwi. Akasema pia kwamba mbegu wameipa jina lisilo lake. Lugusha homa ilimpitia kama mafua. Damu iliyochukuliwa kukuza mbegu ilikuwa ya Kapela, siku aliyokuwa akitapika damu nyeusi, na mwili wake familia haikupewa.

Siwema alimtazama Nabwire. Daktari akaafiki kwa kichwa: mbegu huchukuliwa kwa mgonjwa hasa, homa ikiwa kileleni, aliyeumwa kidogo haitoi. Mikono yake, iliyokuwa imeikumbatia chupa tangu chini, ililegea kwanza, halafu ikaishika upya, namna nyingine, kama unavyomshika mtu.

"Mnataka niseme alikubali," Kalunde akasema. "Hakuulizwa akiwa hai, mimi nitamjibiaje? Ila kuna jambo moja. Kapela hajazikwa. Na maziko bila mtani si maziko. Babu yako hakuja. Njoo wewe."

Dunia nje ilikuwa sasa tufe zima, buluu, lenye mwanga wake, limening'inia pasipo kitu. Nyota hazikumetameta, zilikaa macho. Siwema alimwomba Nabwire aiweke chupa sakafuni. Kisha, licha ya miaka yake yote, akalala chini mbele ya chupa akaziba njia, kama watani wanavyolala kaburini kuzuia maiti isipite.

"Hapiti mtu hapa," akasema. "Kapela wee, mla michembe ya viazi. Babu zako walibeba pembe za tembo mpaka Bagamoyo wakiimba, wewe umeangushwa na mbu. Mbu, mtu mzima! Mdudu ambaye hata mzigo habebi. Na sasa umejifanya mkubwa, unapelekwa mbinguni kwa lifti, umefungwa kiunoni kwa mwanamke. Uongo? Inuka ukatae."

Kule Tabora mzee mmoja nyuma ya Kalunde alikoroma kicheko. Watu wakaanza kukusanyika kiwandani, wakajaa kioo kizima, wakicheka na kujibu, na Siwema akaendelea, akamwigiza Kapela anavyokimbia sindano, anavyoringa na mkono wake uliokunjwa, mpaka kicheko cha kule kikapinduka kikawa kilio kimoja kirefu, kile ambacho kilitakiwa kitolewe enzi hizo na hakikutolewa. Nabwire alilia nao. Kisomabarua, ambacho hakuna aliyekizima, kilijaribu kuipima sauti ya Siwema, kikakosa neno, kikaacha nafasi tupu.

Kalunde alijifuta uso. "Inuka, weye Mzaramo mvivu, umelala kaburini kama umelala ngomani. Ridhaa sina ya kukupa. Nakupa Kapela. Mpeleke kazini."

Siwema akaliandikia Baraza la Darini hukumu kwa mkono wake: kwamba ridhaa haikuwepo na haiwezi kupatikana tena, kwamba aliyetoa damu ni Kapela Mihayo, kwamba jamaa zake wamemzika leo na wamemtuma. Akaweka kidole chini yake. Nabwire aliisoma mara mbili. Hukumu ya mashine bado ilikuwepo pale mezani, safi, na angeweza kujaribu kuituma hiyo bila kidole. Alituma ya Siwema.

Mkwezi alifika langoni, lango likabaki limefungwa, kwa sababu Baraza lilibishana. Wengine walisema sheria ni sheria, wengine walisema maiti aliyezikwa kwa heshima si kitu cha kuteketezwa. Mwishowe lango lilifunguliwa kwa tofauti ya kura chache. Chanjo iliwakinga karibu watu wote waliokuwa bado wazima. Homa ilikuwa imeingia mtaa wa Nekesa wakati wa mabishano. Nekesa alikufa, baba yake alipona. Nabwire alichanja mji mzima, nyumba kwa nyumba, kisha akashuka na hakupanda tena; anafundisha wauguzi Busia. Sheria ya Ridhaa haikubadilishwa. Kisomabarua kinatumika Darini mpaka leo. Kalunde anaendelea na asali, na alipofiwa na mume, Siwema alikwenda Tabora akafanya kazi ya mtani. Siwema mwenyewe alizikwa Maneromango mwaka juzi, Wanyamwezi wakalala kaburini. Jina kwenye chupa lilibadilishwa, sasa ni Mbegu ya Kapela. Mwili wake haujulikani uliko.