Niliuza Maksai wa Dada Yangu kwa Trekta Nisilolijua

Nina miaka sitini na mitatu, mkulima wa Mungaa, na hadi leo nikisikia trekta linanguruma barabarani nageuza uso. Nawasimulia haya kwa aibu, lakini bora aibu yangu kuliko ninyi kutumbukia nilipotumbukia...

Wakati ule serikali ilikuwa imeruhusu bidhaa za nje kuingia, na vitu tulivyozoea kuvisikia tu vikaanza kufika Singida mjini. Nilikuwa fundi wa plau na baiskeli. Kijijini waliniita Injinia, nami mjinga nikaamini!

Dada yangu Salome alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Kwetu unaweza kumkabidhi ndugu ng'ombe wako: yeye anawachunga, analimia, anapata samadi, lakini mnyama anabaki wako. Salome alinikabidhi maksai wake wawili, Madoa na Shujaa. Kila mvua za kwanza nililima shamba lake, ndipo langu.

Mfanyabiashara mmoja mjini akaleta matrekta mawili madogo ya mtumba. Moja kuukuu, la kuwasha kwa hendeli, rangi imebabuka. La pili jekundu, linang'aa, kila kitu kinanyanyuka kwa kugusa kidude. Muuzaji mwenyewe alinishauri lile kuukuu, akasema hata mimi ningeweza kulitengeneza. Hata mimi? Nilikasirika! Injinia mzima nikakokote chuma chakavu?

Nikawapeleka mnadani Madoa na Shujaa pamoja na ng'ombe wangu wote, nikanunua lile jekundu. Salome sikumwambia. Nilijidanganya kwamba akiona shamba limelimwa kwa siku moja, atanishukuru...

Mvua ikanyesha. Nikaanza na shamba langu. Ndiyo, langu! Siku ya tatu nikaingia kwa Salome. Mistari miwili tu, trekta likakohoa, likazimika.

Watu walikuwa wanatazama. Ningesemaje sijui? Nikatandika gunia palepale shambani, nikafungua pampu ya dizeli kwenye upepo na mchanga. Springi moja ikaruka majanini. Vipande vingine sikukumbuka vilikotoka.

Tulimwita fundi kutoka Itigi. Alilitazama lile gunia, kisha akafungua chujio la mafuta, kitu ambacho mimi sikukigusa.

"Injinia, ulikuwa uchafu humu tu. Ungesafisha, ungeendelea kulima. Pampu ndiyo umeiua."

Pampu nyingine haikupatikana Singida wala Dodoma.

Salome hakunilaumu. Alisema kwa upole, "Basi kaka, walete Madoa na Shujaa tumalizie."

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Niliinamisha macho kwenye lile gunia. Akanitazama, akaelewa, akaenda kuchukua jembe la mkono.

Mvua za kwetu hazimsubiri mtu. Alipanda akiwa amechelewa, mtama ukakauka ukiwa wa magotini. Akawachukua watoto akaenda kwa shemeji zake Rungwa. Nilimfuata mara mbili. Watoto walitoka, wakasema, "Shikamoo mjomba." Mama yao hakutoka.

Ndugu zangu, kabla hujanunua mashine jiulize: ikizimika katikati ya shamba, mikono yako itaweza? Ukiambiwa chukua ile mbovu unayoiweza, usione umetukanwa. Na kitu cha kukabidhiwa usikiguse!

Trekta langu jekundu bado liko uani, kuku wanataga chini yake. Zizi ni tupu. Nilijua kufungua... kufunga sikujua.