Naam ya Mara ya Kwanza

Neno lenyewe lilikuwa dogo: "yote."

Junaid bin Talib alilikuta siku ya Jumatatu, baada ya sala ya Adhuhuri, alipofungua orodha ya barua pepe zilizokwisha tumwa. Jibu alilompelekea mkewe kila siku alilijua kwa moyo, maana halikuwa likibadilika: *Naam, nipo. Nimesoma. Subirini, Mola yu pamoja nanyi. Wako, Junaid.* Lakini jibu la siku ile lilisema: *Naam, nipo. Nimesoma yote.*

Yeye hakuwa ameandika "yote." Na tuseme kweli mbele ya Yule asiyefichwa kitu: hakuwa amesoma hata herufi.

Mkewe, Saadiya, alikuwa Bara Hindi wiki ya sita sasa, akimuuguza mama yake, Bi Mwanamwema wa Makunduchi, aliyepelekwa huko kutibiwa tumbo. Simu walipigiana Ijumaa kwa Ijumaa, dakika chache, mgonjwa akiwa pembeni anasikiliza. Kundi la WhatsApp lilikuwa la ukoo mzima. Ya moyoni, yale ambayo mke humwambia mume taa ikishazimwa, Saadiya aliyaandika kwa barua, ndefu, moja kila siku, na kila moja ilianza kwa jina ambalo hakuna mwingine duniani aliyemwita: *Junu.*

Naye Junaid alikuwa amechoka na barua. Kazi yake ilikuwa kujibu wageni wa hoteli moja ya Mbweni, akifanyia nyumbani kwake, ghorofani, Mkunazini. Kwa miezi kadhaa alijifunza zile njia za mkato zilizofichika katika barua pepe ambazo wengi hawazijui. Akajua kuiandika leo barua ya kuondoka kesho alfajiri. Akajua kuirudisha barua ndani ya sekunde thelathini baada ya kuituma, kabla haijamfikia mtu. Akajua kuweka jibu moja tayari na kuiamuru kompyuta ilitume lenyewe kila inapoingia barua ya namna fulani.

"Shangazi, nshamaliza kazi ya kutwa, na saa nne haijagonga," alijigamba siku moja.

Bi Time, dada wa baba yake, aliyekaa chumba cha chini, alikuwa akipeta mchele. "Mashallah. Na hizo saa ulizookoa unazitia wapi?"

"Nnapumzika."

"Unapumzika kutokana na nini, we Junaid, na kazi hufanyi?"

Alicheka, akapanda juu kulala. Na siku ile ile, uvivu ukiwa umeshaonja damu, akaiamuru kompyuta hivi: barua yoyote yenye jina Junu, ijibu. Hakutaja anwani ya mkewe, kwa kuwa Saadiya aliandika mara kwa simu yake, mara kwa kompyuta ya wodini, na kuziorodhesha anwani zote kulimchosha. Jina lingetosha.

Mola wetu ameapa kwa wakati, akatuonya kuwa mwanadamu yumo katika hasara. Junaid alidhani anauokoa wakati. Aliyekuwa akiachwa azame ni mkewe.

Sasa, Jumatatu ile, akakaa kitini kutafuta neno "yote" limetoka wapi. Akarudi nyuma, jibu baada ya jibu, mpaka Alhamisi iliyopita, saa sita na nusu mchana. Pale palikuwa na barua isiyo na anwani ya mtumaji. Mahali pa jina palikuwa peupe. Ndani mlikuwa na neno moja tu: *Junu.* Na chini yake, kwa uaminifu wa mashine, jibu lilikuwa limekwenda: *Naam, nipo.*

Hapo akakumbuka. Wiki ya harusi yao Bi Mwanamwema alimkalisha jikoni Makunduchi akamwambia: "Mkwe wangu, ukiitwa jua likiwa utosini au likizama, usiitike mara ya kwanza, wala ya pili. Mwenye mwili ataita tena. Asiye na mwili huita mara moja tu, na ukimwitikia umemfungulia." Tangu siku hiyo, kama watu wote wa upande ule, Junaid hakuwahi kuitika kabla ya wito wa tatu. Ulimi wake ulishika adabu hiyo miaka tisa. Hakufikiria kuifundisha mashine.

Akaifuta ile amri ya majibu, akazima kompyuta, akashuka kwenda msikitini kwa Alasiri.

Aliporudi, Bi Time alikuwa amesimama chini ya ngazi, kanga kaivuta mpaka mdomoni.

"Shikamoo, shangazi. Kuna nini?"

"Marahaba. Sema polepole." Akamshika mkono. "Nani yumo juu?"

"Hamna mtu. Funguo ninazo mimi."

"Basi anayesoma ni nani?"

"Kusoma nini?"

"Barua, mwanangu. Barua za Saadiya. Nlidhani ni wewe, sauti ni yako. Anazisoma tangu juzi, kila ukitoka. Husoma mstari, hunyamaza, kisha hulia." Macho ya kizee yalijaa maji. "Leo kasoma pale Saadiya anaposema anaogopa. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, Junaid wangu kawa na huruma. Kisha nikakuona dirishani, unatoka msikitini."

Akapanda. Harufu ilimpokea katikati ya ngazi, udi uliochanganyika na mwani unaooza, harufu ya kitu kilichotoka baharini kikajifukiza ili kikubalike ndani ya nyumba za watu. Na kadiri alivyopanda ndivyo alivyosikia vidole juu ya kompyuta, tap, tap, bila haraka, kama mtu anayechagua maneno kwa mapenzi. Na alipotia ufunguo mlangoni vidole vikanyamaza, naye akaingia akakuta chumba kitupu, jua la alasiri limelala sakafuni, kiti kimevutwa nyuma kidogo, na alipokigusa kiti kile kilikuwa na joto, si la jua, bali la mwili uliokaa kwa muda mrefu na kuondoka sasa hivi.

Kompyuta aliyoizima ilikuwa inawaka. Barua ilikuwa imekwisha kwenda.

*Naam, nipo. Nimesoma yote. Nimesoma kuwa mama hataki kisu cha pili, anataka kuiona Makunduchi kabla macho hayajafumba. Usiogope, wala usimwombe mtu mwingine ruhusa. Mrudishe kwao. Jumamosi kaka yako Pandu awapokee uwanjani na ampeleke mama shamba. Wewe njoo nyumbani. Nitakuwa mlangoni.*

Kesho yake asubuhi Junaid alikwenda Mtoni kumfuata Sheikh Muhiddin, mwalimu wa madrasa asiyepokea kitu kwa kumsomea mtu. Sheikh alikuja kabla ya Adhuhuri. Akamkalisha Bi Time mlangoni na Junaid kitini, akafukiza ubani, akasoma Aya ya Kursi mara saba mbele ya kompyuta kama anavyoisoma juu ya kichwa cha mgonjwa. Mara ya saba herufi zikaanza kutokea zenyewe, moja moja, kwenye ukurasa mtupu.

*Mbona unanifukuza?*

"Nakutoa katika nyumba ya Muislamu," alisema Sheikh. "Umeingia kwa dhulma."

*Sikuvunja mlango. Niliita mara moja, nikaitikiwa. Nikakuta barua thelathini na moja zimerundikwa, hazijafunguliwa. Mwanamke analia, na nyumba haina mtu. Nikakaa mahali palipokuwa patupu.*

Sheikh Muhiddin akamgeukia Junaid, na uso wake haukuwa wa hasira; ulikuwa mzito kuliko hasira.

"Kweli hukuzisoma?"

"Sheikh, kazi zili..."

"Nakuuliza ndiyo au hapana."

"Hapana."

"Na kwenye simu, Ijumaa, akikushukuru kwa majibu yako?"

Junaid aliinama. "Nlisema hapana neno."

Bi Time akaachia sauti ndogo mlangoni, kama mtu aliyechomwa na sindano.

"Nisikilize, mwanangu," alisema Sheikh. "Mke ni amana. Mja ataulizwa amana yake siku ambayo mdomo utafungwa na mikono itasema. Mimi naweza kumtoa huyu leo. Lakini hakuja kwa uchawi wala kwa kutumwa; kaja kwa kuwa uliacha pengo, na pengo halizibwi kwa ubani. Keti uzisome zote, kwa macho yako. Kisha mwandikie Saadiya kwa mkono wako kuwa hukusoma, na aliyemjibu siye wewe. Ajue kabla hajakanyaga ngazi hizi. Ukimficha, utakuwa umeitika mara ya pili, na safari hiyo kwa ulimi wako mwenyewe."

Akasoma tena, akanyunyiza maji ya kombe, yaliyooshewa aya za Kurani, pembe nne za chumba. Ile harufu ikajikunja, ikatoka dirishani, na chini barabarani kuku wakatawanyika wakipiga kelele. Chumba kikawa chumba.

Junaid akazisoma. Siku tatu alizisoma. Ya nne: *Junu, nimelala sakafuni chini ya kitanda cha mama, nimekuota.* Ya kumi na mbili: *Junu, mbona unajibu kama karani? Nimekukosea nini?* Ya kumi na tisa: *Junu, nimetoka damu leo. Nilikuwa sijakwambia kuwa nina mimba, nilitaka nikwambie kwa mdomo. Sasa hakuna cha kukwambia. Nijibu hili moja tu, kwa maneno yako.* Na chini yake: *Naam, nipo. Nimesoma. Subirini.*

Alilia mpaka Bi Time akapanda kumpa maji.

"Mwandikie," alisema kizee. "Atakasirika, atalia. Lakini atakuwa anamlilia mtu."

Ijumaa, baada ya sala ya jamaa, aliandika. Aliandika kweli tupu, wala hakujitetea. Akabonyeza, ikaenda. Na pale pale, pembeni mwa ukurasa, likatokea lile swali dogo alilolijua, linalokaa sekunde thelathini: *Irudishwe?*

Akilini alimwona Saadiya akiisoma ndani ya ndege, mama yake ubavuni, hana pa kwenda kulia. Aliiona barua ya kumi na tisa. Akaikumbuka ile barua tamu ya Jumatatu, ambayo mkewe aliishukuru kwa maneno ambayo hakuwahi kumwambia yeye katika miaka tisa. Nani angejua? Yule ameshaondoka. Nitakuwa mwema, alijiambia. Nitakuwa kama barua ile.

Ilibaki sekunde moja alipobonyeza. *Imerudishwa.*

Ee nafsi, ni mara ngapi hufunguliwa mlango wa toba ukaufunga kwa mkono wako, ukasema nimepata nafuu?

Saadiya aliwasili Jumamosi. Pandu alimchukua mama yao kwenda Makunduchi, na saa sita na nusu teksi ikamshusha yeye Mkunazini. Junaid alisikia mlango wa chini, akasikia Bi Time akimkumbatia, akasikia nyayo zikianza kupanda. Akatoka akasimama juu ya ngazi, kanzu nyeupe.

Kutoka kwenye giza la ngazi, kwa sauti iliyochoka, akaitwa.

"Junu!"

Jua lilikuwa utosini. Ulimi ukashika adabu yake ya miaka yote, naye akangoja wito wa pili, na wa tatu, maana mwenye mwili ataita tena. Na katika kungoja kule, harufu ya udi na mwani ikampanda mgongoni kama maji ya bamvua yanavyojaa, akahisi pumzi ya moto sikioni, na kutoka ndani ya chumba, nyuma yake, kwa sauti yake mwenyewe lakini laini kuliko alivyowahi kuitumia kwa mtu yeyote, kitu kikaitika:

"Naam, nipo."

Saadiya hakuita tena, hakuwa na haja. Alitokea penye mwanga, uso umeangaza machozi, macho yakitazama juu ya bega la Junaid. "Nlijua utakuwa mlangoni," alisema. Akampita mumewe kama anavyopitwa mgeni aliyesimama njiani, akaingia, na mlango ukafungwa taratibu, kwa ndani.