Kimchi Kwenye Kiti cha Nyuma

Siku hiyo mjinga alikuwa Bo-ram, na hata ukimuuliza leo habishi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasani akili zake hazikuwa na mashaka, ndiyo maana hata ujinga wake aliufanya kwa mpango.

Kila mwaka, baridi inapobisha hodi, Bo-ram na baba yake hutoka Mokpo kwenda kwa bibi, Haenam, kutengeneza kimchi, ile kachumbari ya Kikorea ya kuchachushwa, ya kuwatosha mpaka baridi iishe. Tangu asubuhi watu huinamia kabichi, wakizipaka pilipili jani kwa jani hadi migongo inalia. Mwaka ule buti la gari lilijaa makopo mpaka likafungwa kwa goti. Likabaki kopo moja la kimchi ya figili, ikabidi lisafiri kiti cha nyuma pamoja na Bo-ram.

"Hii imeshaanza kuchacha," bibi alimwonya. "Inapumua kama wewe. Acha nafasi juu, na kifuniko usikikaze."

"Sawa, bibi."

Mdomo ulisema sawa. Mikono ilishindilia figili hadi ukingoni, ikakaza kifuniko, ikakizungushia na utepe wa gundi, harufu isije ikamsumbua njiani.

Gari lenyewe lilimzidi Bo-ram umri. Viti vyake vya kitambaa cha kijivu baba alivitunza kama mboni ya jicho. Hata peremende huruhusiwi kuimenya humo. Na Jumamosi iliyokuwa inakuja gari hilo lilikuwa na kazi ya heshima: kuwapokea stesheni wazazi wa mchumba wa Ki-beom, kaka yake Bo-ram. Walikuwa wanatoka Seoul kuonana na familia kwa mara ya kwanza. Siku kama hiyo posa huweza kusonga mbele, au kuishia hapo hapo.

Njiani baba alisimama kwa shangazi kushusha makopo mawili. Hita aliiacha ikiwaka, mtoto asipigwe na baridi. Mara kopo la figili likasema, "Pu!" Kifuniko kikaruka, mchuzi mwekundu ukatapakaa kitini.

Bo-ram alifuta kwa skafu yake, kisha akalikalia doa. Gari zima lilikuwa linanuka kimchi tangu Haenam, baba angejuaje?

Kesho yake, alipotoka shule, alichukua ufunguo wa gari, birika la maji ya moto, sabuni ya vyombo na brashi ya kusugulia bafu. Akamwaga, akasugua, akamwaga tena. Doa lililokuwa kama kisahani likawa sinia. Maji yakazama ndani ya sponji. Akatandika blanketi juu, akapuliza manukato ya mama yake, akaondoka anajipongeza.

Katikati ya wiki baba alifungua mlango wa gari, akarudi kinyumenyume.

"Mama Ki-beom! Njoo uone. Nani kafia humu akiwa amejipulizia manukato yako?"

Mama akaja, akafunua blanketi, akakibonyeza kiti. Maji yakamchuruzika vidoleni.

"Bo-ram," aliita, bila kupaza sauti. Hapo ndipo Bo-ram alipoogopa.

"Sijui, mama. Labda kaka..."

"Kaka yako anakaa Gwangju. Hii kimchi aliituma kwa simu?"

Machozi yakamtoka Bo-ram, na habari yote ikatoka nayo. "Nilitaka kuliondoa mwenyewe kabla baba hajaliona."

"Ukalilisha, likanenepa."

Viti vya nyuma vya magari ya zamani huchomolewa. Baba alikamata ukingo, akavuta, kiti kikatoka kizima. Mama akaleta maji baridi, maana ya moto huishikisha rangi ya pilipili kwenye nyuzi. Akatia siki kidogo na povu la sabuni, akamkabidhi Bo-ram kitambaa cheupe kilichokamuliwa.

"Anzia pembeni, uje katikati. We! Usisugue, hicho kiti hakijakutukana! Gandamiza, inua, geuza kitambaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kitambaa kitoke cheupe."

Bo-ram aligandamiza hadi vidole vikakunjamana. Halafu wakatandika taulo kavu juu ya kiti, akazikanyaga ili zinyonye maji ya ndani. Mwisho kiti kikaingizwa chumbani, kikalazwa kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, pale pale baba anapolala siku za baridi kali. Asubuhi doa lilikuwa limepanda upya kutoka ndani ya sponji, wakaanza tena.

"Kimeninyang'anya kitanda," baba alinung'unika kwenye upande wake wa baridi. "Mgeni akija leo atakisalimia kiti kwanza."

Ijumaa kiti kilikuwa kimekauka mpaka ndani, doa limebaki kivuli tu. Mama alimketisha Bo-ram juu yake.

"Kopo lilipofumuka, ungemwita baba yako na taulo moja, mambo yangeisha pale pale kwa shangazi. Kosa lilikuwa dogo, mwanangu. Kulificha ndiko kulikolikuza. Ukikosea, sema doa likiwa bado bichi."

Jumamosi, pale stesheni, Ki-beom alifungua mlango wa nyuma, akanusa. Harufu haikuwa imeisha yote.

"Baba, tukodi teksi," alinong'ona.

"Wakwe zangu wapande teksi, na gari ninalo?"

"Wakisema tunanuka je?"

"Waseme!"

Hawakujua kuwa wageni wameshafika nyuma yao na mabegi yao. Bo-ram ndiye aliyewaona. Akainama kwa heshima mbele ya mama wa mchumba.

"Mama, gari linanuka kimchi. Niliimwaga mimi, halafu nikaficha. Kiti tumekisafisha na kimekauka, ila harufu kidogo imebaki. Samahani."

Ki-beom alifumba macho. Baba alianza, "Huyu mtoto, mnajua, yeye..."

Yule mama alikuwa ameshaingia. Alijiegemeza vizuri kitini, akalipakata begi lake.

"Mwezi huu," alisema, "nyumba isiyonuka kimchi ndiyo ningeinyima binti yangu. Washa gari, Baba Ki-beom, tuna njaa."